Jogoo anakwenda chopi: weka wembe chini kwanza

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo:

"Asalaam aleikum daktari. Niko Kisauni, nafuga kuku 14 hapa uani, sakafu ni saruji, wanakula masazo ya nyumba na pumba. Nina jogoo wa kuchi nampenda sana, mkubwa, analala juu ya stendi ya tenki la maji. Wiki mbili sasa anakwenda chopi na chini ya wayo ana kidude cheusi cha duara. Jirani anasema ule ni mzizi, nikate kwa wembe niung'oe. Shemeji anasema nipake mafuta ya taa. Sasa tembe wawili, mweusi na mwekundu, nao wameanza kunyanyua mguu, naona wameambukizana. Mimi nasuka nywele hapo hapo barazani, siwezi kutoka kila siku kumpeleka kuku kwa daktari. Naweza kuwatibu nyumbani? Na mayai tuendelee kula? Picha nimetuma."

Waleikum salaam dadangu, pole sana. Picha zako nimezitazama zote, nikazikuza nikazitazama tena, na la kwanza la kukwambia ni kwamba hawa kuku hawakuambukizana. Wote watatu wanachopea ndio lakini kila mmoja ana lake, na ukiwapa dawa moja wote utamtibu mmoja na kuwaumiza wawili.

Nianze na huyo tembe mweusi, manake wewe roho yako yote iko kwa jogoo na kumbe wa haraka ni huyu. Tazama kile kidole chake cha kati. Kuna mstari umekizunguka kama pete, nyuma ya mstari kidole kiko sawa, mbele ya mstari kimevimba na kinaanza kugeuka rangi ya zambarau. Lile si jipu, ule ni uzi umemnyonga. Na wewe mwenyewe umeshanambia wasuka nywele barazani, sasa zile nywele za kusukia zikianguka chini hazionekani, kuku anatembea anaparura, unywele unamzunguka kidole, anavyozidi kuparura ndo unavyozidi kukaza, mwisho unazama ndani ya ngozi na damu haipiti tena. Nimeshawaona kuku wa namna hii wengi hapa mjini, na si kwenye nyumba za wasusi tu, kwa mafundi cherahani pia, na penye magunia ya katani yanayochanika nyuzi. Njiwa wa mjini ukiwatazama vidole utaona wengi wana vigutu, mara nyingi ni mambo haya haya.

Huyu mtoe uzi leo. Sio kesho, leo. Mwambie mtu amshike, umfunge kwa leso kuukuu mwili mzima mabawa ndani, kichwa umfunike macho kidogo (kuku akiona giza anatulia, huu ni msaada mkubwa kuliko unavyodhani, ila pua iwe wazi apumue). Mguu uloweke kwenye maji ya vuguvugu kama dakika 10 ngozi ilainike. Kisha washa tochi ya simu, chukua kile kibanio cha nyusi na mkasi mdogo wa kucha wenye ncha butu, utafute pale uzi unapoonekana hata kidogo. Kama umezama, chukua sindano, tumia upande wa tundu sio upande wa ncha, upenyeze chini ya uzi pembeni mwa kidole, uuinue, ukate. Usidhani ni mmoja, mara nyingi ni mizunguko mitatu minne, toa wote mpaka upitishe kucha yako kwenye ule mfereji usikwaruze kitu. Kitatoka damu kidogo, bana na kitambaa safi dakika chache itakata. Kisha iodini na umweke pakavu. Kidole kikirudi rangi na joto kwa siku mbili tatu umekiwahi. Kikiwa cheusi, kikavu, cha baridi, hicho kimeshakufa na wewe usikikate, acha kikauke na daktari wa mifugo akione, kuku anaishi vizuri tu bila kidole kimoja.

Haya, sasa jogoo wako.

Kile kidude cheusi ni kigaga cha jipu la wayo. Ukienda kwa daktari ukamwambia bambolfuti atakuelewa, ndo jina wanalotumia kwenye vitabu vya kuku. Si ugonjwa unaotoka kwa kuku huyu ukaruka kwa yule kama mafua, huanza na kidonda au mchubuko mdogo kwenye wayo, bakteria wakaingia. Wa kawaida kabisa anaitwa Staphylococcus aureus, stafilokokasi kwa kifupi, na huyo hakutoka mbali, yuko kwenye ngozi ya kuku, yuko kwenye matandiko machafu, yuko hata kwenye pua za watu wazima wazima na hawana habari. Kazi yake ni kusubiri mlango ufunguke.

Na mlango wake umefunguka vipi? Tenki. Wewe umeniandikia kama jambo la kupita tu kwamba analala juu ya stendi ya tenki, mimi ndo niliposimama hapo. Kuchi si kuku mwepesi. Ana mwili mkubwa, miguu mirefu, na kila alfajiri anajirusha kutoka juu futi tano sita huko mpaka kwenye saruji tupu, uzito wote unatua kwenye vile vinyama viwili vya chini ya wayo. Leo, kesho, keshokutwa. Ngozi inapata sugu, sugu inapasuka, mwanya mdogo tu, chini kumelowa maji ya bomba na mavi, ishakuwa. Kwa hiyo dawa nitakazokwambia zote ni kazi bure ikiwa mguu ukipona anarudi kulala juu ya tenki. Ndani ya mwezi utanitafuta tena, na safari hiyo utakuwa wayo wa pili, manake kuku akiumwa mguu mmoja anauegemea mwingine na huo nao unachoka.

Sasa habari ya mzizi. Jirani yako hajasema uongo kabisa, kuna kitu kigumu mle ndani kinachofanana na mzizi, ila si mzizi, ni usaha. Usaha wetu sisi watu ni maji maji, jipu likiiva linapasuka linatoka. Wa ndege sivyo, seli zao nyeupe hazina baadhi ya vile vimeng'enya vinavyoyeyusha, basi usaha wao unaganda, unakuwa mkavu mgumu wa manjano kama kipande cha mhogo uliopikwa ukalala. Ndo maana hata ukibinya mchana kutwa hakuna kinachotoka, na ndo maana usibinye, utausukuma ndani zaidi kwenye mishipa na viungo.

Najua watu wanakata nyumbani, najua zipo video na kuku anaonekana kapona. Mimi mwenyewe zamani nikiwa bado kijana sina nilijualo ila ushujaa, nilimkata kuku wa nyanya yangu kwa wembe mpya, nikajiona bingwa. Wayo wa kuku ni mdogo, ndani mna mishipa ya damu na zile kano zinazokunja vidole zote zimebanana mahali padogo, wembe ukipita milimita tatu zaidi kidole hakikunjiki tena maisha. Damu ilitoka nyanya akaniita mchinjaji. Kuku hakufa siku ile, alikufa baada ya siku tisa mguu umevimba mpaka gotini, na alikuwa anaumwa siku zote hizo kimya kimya, manake kuku ni kiumbe anayeficha maumivu, akionekana mnyonge jua ameyaficha muda mrefu. Kukata kunafanywa na daktari mwenye dawa ya ganzi na vyombo safi. Weka wembe chini.

Mafuta ya taa nayo mwambie shemeji aweke kwenye jiko. Yanaunguza ngozi, na kuku akijichokoa anayameza.

Utajuaje kama hili la jogoo ni la nyumbani au la daktari? Mshike, pindua wayo, linganisha miguu miwili. Kama wayo umekuwa mwekundu tu au unang'aa bila kigaga, hiyo ni mwanzo kabisa, mahali pakavu na laini pa kukaa panatosha. Kama kuna kigaga cheusi kidogo, uvimbe uko chini tu, haujapanda, kuku anakula na anawika, hilo unaweza kuanza nyumbani, na kwa picha ulotuma jogoo wako naona yuko hapa. Lakini uvimbe ukitokea juu kati ya vidole, mguu ukiwa wa moto kuliko mwenzake, wekundu ukipanda, kifundo kikinenepa, akawa anakaa chini muda wote, au kula kumepungua, hapo pasi na ubishi ni daktari, manake huenda umeshafika kwenye kano au mfupa na ukifika kwenye mfupa hata daktari anapata kazi.

Basi ya nyumbani ni hivi. Nunua glovu, chumvi ya Epsom, iodini ya kuoshea vidonda ile ya kahawia, kile kitambaa cheupe chepesi cha kufungia vidonda, na bandeji ile inayojinata yenyewe kwa yenyewe, vyote utavipata kemisti, bandeji hata agroveti wanazo. Kuvaa glovu sio maringo, huyo bakteria anaingia kwenye kidonda cha mtu pia, na wewe kazi yako ni ya vidole na vichwa vya watu.

Jioni baada ya magharibi kuku wakishatulia ndo wakati mzuri. Mfunge leso kama nilivyosema. Beseni lisilo la jikoni, maji ya vuguvugu ambayo kiko cha mkono kinayavumilia vizuri, kama lita nne, utie nusu kikombe cha chumvi ya Epsom, asiyanywe yatamharisha. Miguu yote miwili ndani, dakika 15. Mkalie tu, msemeshe, wengine wanalala kabisa. Ukishamtoa msuguo mwepesi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kutoa uchafu, suuza, kausha vizuri mpaka kati ya vidole.

Kigaga sasa kitakuwa kimelainika. Kisukume pembeni kwa kidole gumba chenye kitambaa, polepole. Kikitoka chenyewe na kikatoka na kile kigumu cha manjano, vizuri sana, umebahatika. Kisipotoka kiache, kesho tena. Wengine wanatoa siku ya nne, wengine ya saba. Usichokonoe kwa sindano, usivute kinachovuja damu.

Kisha iodini, lakini sio ya chupa hivi hivi, ichanganye na maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka iwe na rangi ya chai mkandaa nyepesi. Ikiwa nzito sana inaunguza nyama mpya inayojaribu kuota. Spiriti usitie, na ile haidrojeni peroksaidi inayotoa mapovu watu wanaipenda kwa sababu ya mapovu, siku ya kwanza kama kidonda kichafu sana sawa, ukiitia kila siku kidonda hakifungi. Ukitaka kupaka kitu juu, krimu ya silva salfadiazini ile ya vidonda vya moto ni nzuri, daktari akikwambia. Zile za kupaka zenye ganzi ndani ziwache. Asali safi pia inafanya kazi, hata hospitali za watu zipo bandeji za asali, shida yake kwetu hapa ni sisimizi, ukimpaka asali ukamlaza chini asubuhi utakuta msafara.

Kufunga ndo sanaa yenyewe. Kata duara la sponji safi ukubwa wa wayo, katikati toboa tundu ukubwa wa kidonda, kuku akikanyaga uzito uende kwenye sponji pembeni na kidonda kibaki hewani hakiguswi. Sponji ukikosa hata champali kuukuu ya mpira laini, osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, kata, mimi nimetumia mara nyingi tu. Kwanza kile kitambaa cheupe juu ya kidonda, kisha duara, kisha bandeji inapita kati ya vidole kama unachora nane, kidole mbele, nyuma, inapanda kidogo kwenye mguu. Isikaze! Hili nalisisitiza kwa ajili ya yule mweusi ulomwona, bandeji iliyokazwa ni uzi mpana tu. Baada ya saa moja rudi ushike ncha za vidole, zikiwa za baridi au zimevimba fungua ufunge upya.

Siku tatu za mwanzo badilisha kila siku, baadaye kila siku ya pili, ila ikilowa hata kama umeifunga dakika tano zilizopita unabadilisha. Na usikiache kidonda wazi kwa joto hili la Mombasa ati kipate hewa, nzi wanataga hapo siku hiyo hiyo na utajikuta unahangaika na funza juu ya jipu. Jipu dogo lipe wiki mbili tatu. Siku kumi zikipita huoni nafuu yoyote, au kila siku uvimbe unaongezeka, usinisubiri mimi, tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, muulize tu namba yake ya usajili hatakasirika kama anayo.

Najua swali linalofuata, mbona agroveti wamenambia nimtilie unga wa antibiotiki kwenye maji basi imalizike. Dadangu, fikiria. Kile kigumu cha manjano hakina mishipa ya damu ndani yake, sasa dawa anayokunywa inasafiri kwa damu, itaingilia wapi? Itazunguka pembeni tu. Halafu kuku mgonjwa anakunywa maji kidogo, dozi hujui amepata ngapi, na wale wengine 13 wanakunywa dawa isiyowahusu na kukutilia kwenye mayai. Hivi ndivyo tunavyofuga bakteria sugu uani kwetu. Antibiotiki ina nafasi yake, jipu likiwa limezama, lakini achague daktari, na kama inawezekana apime usaha ajue ni bakteria gani na dawa gani inamuua. Kuna dawa kama enrofloksasini inauzwa hapa kama njugu, Marekani waliitoa kwenye kuku mwaka 2005 kwa sababu ya huo usugu.

Dawa za maumivu za watu usimpe hata robo ya kidonge. Diklofenaki hasa. Kule India tumbusi walikufa kwa wingi mno kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, figo zao zinafeli, mpaka serikali ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Ndege na dawa hiyo hawapatani. Akiumwa sana daktari ana za kwake.

Jogoo akae wapi muda huu? Mtoe kwenye kundi, umtie kwenye tundu au tenga kubwa barazani pasipofika mvua, chini maranda makavu kutoka kwa fundi seremala, sio vumbi la msumeno lile jepesi, linamwingia puani na kushika kidonda. Asiwe na mahali pa kurukia kabisa. Atapiga kelele siku ya kwanza, kuchi wana kiburi, muache awaone wenzake asisahaulike, jogoo akipotea wiki mbili akirudi anapigwa, au anapiga yeye.

Wakati yeye amefungwa wewe shughulikia huko nyuma. Stendi ya tenki izibe kwa mabati au wavu asipande mtu. Weka ulalio wa fito za mvinje, unene kama sentimita 5, magome utoe, vifundo upige msasa, juu kutoka chini sentimita 30 mpaka 45 basi, kwa kuchi mimi naweka 30. Fito nyembamba inamkata wayo, ubao wenye kona kali nao unamkata. Pita pia na mkono (sio jicho, mkono) kwenye wavu na mabati ya banda utafute ncha za waya na misumari, na kama kuna vipande vya mawe ya matumbawe vilivyobaki vya ujenzi toa, lile jiwe ni kali kama msumeno. Saruji ifunike kwa maranda makavu sentimita 10, ugeuze kila siku mbili, penye majimaji toa tia mapya. Hilo bomba linalovuja litengenezwe. Kipimo changu ni rahisi, inama mpaka usawa wa kichwa cha kuku uvute pumzi, macho yakikuwasha basi na yeye anawashwa saa 24. Mwezi wa nne na wa tano mvua za masika zikishika ndo nyayo za kuku wa Mombasa zinapoharibika zaidi, kila mwaka.

Na chakula. Umesema wanakula masazo ya nyumba na pumba. Sima, wali, mahamri ya asubuhi, yote hiyo ni shibe na mafuta, jogoo anazidi uzito na wayo ndo unaobeba. Tena mahindi yetu ni meupe, na mahindi meupe hayana ile rangi inayotengeneza vitamini A, kuku akikosa vitamini A ngozi ya wayo inakuwa dhaifu inapasuka kwa urahisi, utamtibu jipu hili linakuja lingine. Sio lazima ununue chupa. Mchicha, mapapai yaliyoiva sana na maganda yake ambayo sokoni Kongowea jioni wanakaribia kuyatupa, majani ya mzunze kama jirani anao mti. Kila siku kiganja kwa kila kuku wawili watatu. Na chakula chao cha duka cha kutaga kiwepo, masazo yawe ya juu tu.

Yule mwekundu nilikuwa nimemsahau. Huyo si wayo, ni magamba ya mguu. Yameinuka, yamekuwa mazito meupe kama yamemwagiwa chokaa, hao ni utitiri wadogo usioweza kuwaona kwa jicho, wanachimba chini ya magamba. Huyu sasa ndo anayeambukiza, kwa hiyo wale wengine wote wapindue miguu uwatazame. Loweka, sugua polepole kwa mswaki kuukuu na maji ya sabuni, usibandue magamba kwa kucha, kausha, kisha paka mafuta mazito ya mgando au hata ya nazi mguu mzima, utitiri unakosa hewa unakufa. Rudia mara mbili kwa wiki, wiki nne, mayai yao yanaendelea kuanguliwa mle ndani ndo maana ukipaka mara moja ukaacha wanarudi. Fito za kulalia ziswakiwe kwa maji ya moto. Hayo magamba yaliyoharibika hayatarudi mazuri mpaka aote mapya, usikate tamaa mapema. Oili chafu ya gari wanayopaka watu wengine, hapana. Sindano na matone ya ivamektini agroveti watakupa, lakini huyu anataga, usitie bila daktari kukwambia mayai uyamwage siku ngapi.

Tukija kwenye mayai basi. Jogoo hatagi, huyo hana neno. Wale tembe wawili ukiwatibu kwa maji, iodini ya nje na mafuta tu, kuleni mayai, ila yaokotwe na mikono iliyonawa. Siku mmoja akipewa dawa ya kunywa au sindano, muulize aliyempa, siku ngapi bila kula mayai na siku ngapi bila kuchinja, akikwambia "haina shida mama" bila hata kutazama chupa, jua hajui. Na kuku akiwa amezidiwa na usaha usikimbilie kumchinja ili asife bure, nyama ya kuku mwenye homa na bakteria kwenye damu haifai chungu chako.

Jumapili usiku ukibadilisha bandeji nipigie picha ya wayo wa jogoo, uweke sarafu ya shilingi kumi pembeni nione uvimbe umepungua kiasi gani, na mguu wa pili pia upige hata kama hauna kitu. Huyo mweusi lakini usimngojee Jumapili. Mshike sasa hivi kabla hajapanda kulala.